Mstari kwenye Uso wa Nyanya Yako

Athieno mwanangu,

Mimi baba yako Owere nina miaka sabini na tisa, na usikubali mtu akwambie ni themanini. Nimezika ndugu sita. Nimeona marais wakiingia na kutoka, wengine kwa miguu yao na wengine kwa kukimbizwa. Nimeishi kuliko kamera tisa. Nimeishi kuliko studio zote zilizofunguliwa hapa Busia karibu na mpaka ili kunimaliza, kuliko filamu nyeusi na nyeupe, kuliko filamu za rangi, na kuliko ile mashine kubwa ya kutoa picha kwa saa moja ambayo jirani yangu aliinunua akaniambia, "Mzee Owere, sasa wewe nenda ukalime." Mashine ilikufa. Jirani alikufa. Mimi nipo, na leo naandika barua.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichoandikia risiti maisha yangu yote. Shule niliishia darasa la nne. Ukikuta makosa, yaruke kama unavyoruka dimbwi, usisimame kuniandikia masahihisho.

Umekwenda Kirewa kumuaga shangazi yako Apio, na najua hutarudi kabla ya jioni, maana Apio hajui kuaga mtu bila kumlisha mpaka ashindwe kusimama. Basi nina mchana huu wote. Nimekaa katika chumba changu cha giza, ila mlango uko wazi na giza lenyewe lilishahama. Kuku wa mama yako ameatamia mayai ndani ya sinki la kuoshea picha. Ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Habari za soksi, za baridi, za kupiga simu ukifika, mama yako amezisema mara nne tangu Jumapili. Mimi sizirudii. Mimi nina neno moja tu, na neno hilo linahusu ule mfuniko wa sanduku uliouzungushia kitenge na kuutia katikati ya nguo zako kama yai. Kabla hujaufungua mbele ya wale walimu wa huko ng'ambo, lazima ujue umebeba nini. Maana ulichowaandikia si kweli, na si wewe uliyesema uongo. Ni mimi.

Sasa tulia. Nitaanza mbali kidogo, kwa sababu nikianza karibu nitakimbia.

Kwanza wacha nimalize hasira yangu. Wewe umesoma pale Busitema miaka minne, umejifunza mashine, na mimi nimetembea Busia nzima, upande huu na upande wa Kenya, nikitangaza kwamba binti yangu ni injinia. Halafu unaniletea barua kwamba unakwenda kujifunza kuchapa picha kwa platini. Kwa brashi! Kupaka karatasi dawa kwa mkono, kuisubiri ikauke, kuibana na negativu kwenye fremu, kuitoa juani, na siku nzima ikiisha una picha moja, tena ya kijivu. Mimi siku ya kufungua shule nilikuwa napiga picha za vitambulisho mia tatu kabla ya chakula cha mchana, na hakuna mtoto aliyefumba macho. Hakuna uso uliovuka mpaka huu bila kupita mbele yangu kwanza. Na wewe unataka moja kwa siku.

Lakini najua wazo hilo ulikolitoa. Ulilitoa kwangu. Ndiyo maana nimekasirika zaidi.

Bwana Kaitano nimekusimulia mara nyingi, ila kila mara nilisimulia habari zangu mimi, yeye nikamtumia kama kiti cha kusimamia. Alikuwa Mgoa, Mhindi wa asili ya Goa, mwembamba, mwenye kikohozi, na studio yake ilikuwa Tororo mjini, mahali ambapo ukifungua dirisha la nyuma unaona lile jabali lote. Nilimwendea nikiwa kijana wa miaka ishirini, nguvu tele na majivuno kuliko nguvu. Jumatatu mpaka Jumamosi tulifanya picha za kawaida, zile za fedha, zinazong'aa. Jumapili baada ya misa alifungua kabati na kutoa chupa ndogo ya chumvi ya platini aliyoachiwa na baba yake. Alikuwa akiipima kwa matone kama dawa ya mtoto.

Jumapili hizo alipiga picha watu aliowachagua mwenyewe. Hakuwatoza kitu. Mfinyanzi, katekista, mzee mmoja mchonga mizinga ya nyuki, mke na mume kutoka Bulumbi ambao walikuwa hawajawahi kukaa kwenye kiti cha mgongo. Kila mmoja akampa kipande cha kadi chenye namba, akamwambia, "Picha yako iko kwangu. Siku unataka, kuja chukua." Wengi hawakuja haraka. Mtu akishajua kitu chake kipo mahali, hana mbio nacho. Zilifika arobaini na moja, na zote alizipanga katika lile sanduku la mbao, kila picha na karatasi yake ya kutenganisha.

Nilimuuliza siku moja, "Bwana, mbona hizi hazing'ai? Watu watasema tumewaibia."

Akasema, "Owere, ile ya fedha inakaa juu ya karatasi kama rangi ya mdomo. Hii inaingia ndani. Karatasi ikiishi, mtu anaishi."

Nikasema ndiyo bwana. Moyoni nikasema, huyu kikohozi kimempanda kichwani.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo mstari unapotoka.

Katika kazi ya platini, karatasi ikitoka juani unaona kivuli hafifu tu, kama mtu nyuma ya pazia. Unailaza kwenye sinia, unamimina dawa juu yake. Na picha haiji polepole kama zile za fedha unazozitikisa na kuzisubiri. Inaruka! Dawa ikigusa tu, uso umefika. Kwa hiyo lazima umimine mara moja, mfululizo, kutoka ukingo huu mpaka ule. Ukisita katikati hata kwa muda wa kuvuta pumzi, pale dawa iliposimama panabaki mstari, na mstari huo hautoki milele. Kaitano alinionya mpaka nikachoka. "Hapana simama katikati. Hata nyumba inaungua, wewe mimina kwanza."

Mwaka mzima alininyima kumimina. Nilinuna, nikamwambia mkono wangu ni thabiti kuliko wake, kwa sababu yeye anakohoa. Mwisho akachoka na kelele zangu. "Haya. Lete mtu wako mwenyewe. Ukiharibu, uharibu wako."

Nikamleta mama yangu.

Alitoka Kirewa kwa miguu alfajiri, na kuku kwapani, zawadi ya Mgoa. Akakaa kwenye kiti, uso ameuelekeza mlangoni, kwa sababu alimfunga yule kuku nje na hakuwaamini watu wa mjini. Kaitano akampiga picha. Tukapaka karatasi, tukaibana na negativu, tukaitoa juani. Mama akaenda kusubiri nje na kuku wake. Mimi nikaingia ndani, nikashika gudulia la dawa, Kaitano amesimama nyuma yangu hapumui. Nikaanza kumimina.

Nywele zikaja. Paji la uso likaja. Na wakati huohuo, nje, mama akaita, "Owere!"

Mwanangu, wewe umelelewa siku hizi, mtu anaitwa na mama yake huku amekodolea simu anasema "subiri". Sisi nyumbani mama akiita unaitika kabla jina halijaisha. Mimi niliitika. "Maa!" Na nikageuza kichwa. Muda wa kugeuza kichwa tu.

Niliporudisha macho, mkono ulikuwa umesimama. Nikamimina iliyobaki, macho yake yakaja, pua, kinywa, shingo, shanga. Uso wote mzuri kuliko picha yoyote niliyopata kuiona. Na hapo chini kidogo ya paji, juu ya nyusi, mstari mmoja mweusi umekatiza kutoka sikio mpaka sikio.

Unajua alikuwa anataka nini? Alikuwa anauliza kama kuku anaruhusiwa kunywa maji ya kwenye ndoo.

Kaitano hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliitazama ile picha, akasema, "Sasa wewe umejua." Akaiosha, akaikausha, akaiweka ndani ya sanduku, ya juu kabisa, uso umetazama mfuniko. Kwa upande wa ndani mfuniko alikuwa ameubandika karatasi ya bei rahisi. Mama yangu aliipenda hivyohivyo. Alisema mstari ni utepe wa kichwani. Mimi sikuipenda. Kila nikifungua sanduku lile, kitu cha kwanza kunikaribisha lilikuwa kosa langu, limekaa kwenye uso wa mama yangu.

Kisha ukaja ule wakati Waasia waliambiwa waondoke nchini. Kaitano alifunga masanduku mawili. Hili la tatu akanipa. "Watu watakuja na kadi zao," alisema. "Wewe wape." Hayo tu. Hatukulia, hatukushikana. Nikamchukulia mzigo mpaka stesheni.

Nikahamia hapa Busia, nikafungua studio yangu, na nilifanikiwa, wewe mwenyewe umekula mafanikio hayo. Miaka ikapita, mama akafariki. Waliokuja na kadi labda wanne, na kila mmoja nilimwambia, "Ziko chini ya vitu, rudi mwezi ujao," kwa uvivu wa kupanda juu ya kabati. Niandike vizuri hapo: kwa uvivu.

Halafu zikaja picha za rangi, na mimi nilitaka mashine ya rangi kabla ya mtu yeyote mpakani. Nilikuwa naitaka kama mgonjwa.

Wakati huo Wandera, yule Msamia wa upande wa Kenya ambaye wewe unamwita babu, alikuwa akizunguka studio zote kununua maji yetu ya fiksa, ile dawa ya kukazia picha, yaliyokwisha kazi. Ndani ya maji yale kuna fedha iliyotoka kwenye filamu, na yeye alijua kuitoa. Alinunua pia filamu chakavu, anazichoma, jivu anauza kwa masonara. Nilimwona kwa macho yangu. Basi siku moja kwenye redio nikasikia kwamba platini ni ghali kuliko dhahabu. Athieno, sikulala. Nina sanduku zima la platini juu ya kabati!

Nikamwambia Wandera. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Owere, hiyo ni pumzi tu ya platini. Picha moja haina hata ya kujaza ukucha."

"Ziko arobaini na moja."

"Basi ukucha mmoja. Halafu nani atakutolea kwenye jivu? Mimi najua fedha. Hiyo mimi sijui."

"Wewe hujui kwa sababu wewe ni mchuuzi wa maji machafu. Mimi ni fundi."

"Haya fundi. Choma. Lakini usinitaje."

Ningemsikiliza leo usingekuwa unasoma barua hii. Lakini alikuwa amecheka, na mimi mtu akinicheka masikio yanaziba. Ungekuwepo ukanisihi kwa magoti ningechoma vilevile.

Nilizichoma nyuma ya nyumba, mchana, ndani ya karai. Nakwambia jambo ambalo hata Wandera halijui. Ya kwanza kutia motoni ilikuwa ya mama yangu. Nilijiambia ni kwa sababu iko juu. Si kweli. Nilitaka ule mstari uishe duniani. Nilitaka siku nikifa pasiwe na mtu wa kusema, huyu Owere fundi aliwahi kusita. Baada ya hiyo, nyingine arobaini hazikuwa na uzito. Mfinyanzi, katekista, mchonga mizinga. Karatasi zilizozitenganisha sikuzichoma, maana miaka ile karatasi ilikuwa shida. Nilifungia picha za wateja ndani yake. Niliona zina madoa ya hudhurungi, nikafikiri ni unyevu.

Jivu halikujaza hata nusu ya kopo. Nikavuka nalo mpaka kwa sonara mmoja upande wa pili. Alilitia kidole, akalinusa, akaniuliza, "Mzee, wewe nyumbani mnapika kunde?"

"Tunapika."

"Basi mpelekee mama wa nyumbani. Achuje magadi ya kuzilainishia."

Duka zima lilicheka. Nikarudi na kopo langu, nikaliweka karibu na mafiga, nikaenda kukaa nje peke yangu. Na mama yako, bibi harusi wa mwaka huo, akaliona kopo la jivu jikoni. Angefikiri nini? Alifikiri mume wake amejifunza kuwa na huruma, amemletea jivu. Akalichuja, akapata magadi, akapika kunde. Jioni tulikaa kula, mimi, yeye na shangazi yako Apio aliyekuwa amekuja kututembelea.

Mama yako alionja akakunja uso. "Jivu gani hii haina nguvu? Umechoma nini, karatasi?"

Apio akasema, "Kula tu, mwanaume akileta kitu jikoni usiulize."

Wakacheka. Mimi nilikula. Nilikula mpaka sahani ikawa safi, na sikusema neno. Siku zote nimejisifu kwa kusema. Ile ndiyo siku moja nilipaswa kusema.

Mama yako ameingia sasa hivi kumtazama kuku wake. Ameniuliza, "Umefika wapi?"

Nikamwambia, "Nimefika karibu na askari."

"Leo wako wangapi?"

Ameondoka bila kungoja jibu. Huyo ndiye mama yako.

Basi, askari. Haikupita miezi miwili akaja mama mmoja kutoka Bulumbi, yule aliyepigwa picha na mumewe kwenye kiti cha mgongo. Mume alikuwa amefariki wiki ile. Alinyoosha kile kipande cha kadi, kimekunjwa mpaka kimekuwa kama kitambaa. Namba kumi na tisa. Alisema watoto wadogo hawataujua uso wa baba yao, na picha nyingine hakuna. Nikamtazama, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Mama, askari walikuja wakachoma zote." Na kwa miaka ile hakuna ambaye angeshangaa. Askari walikuwa wamechoma vikubwa zaidi.

Alilia. Kisha akanishika mkono, akaniambia, "Pole mwanangu. Mungu ashukuriwe hawakukuua." Baada ya siku tatu akaniletea viazi vitamu, kapu zima, kunifariji mimi.

Viazi vile navyo nilikula.

Kuanzia hapo ikawa hadithi yangu. Kwenye chungu cha kongo, ile pombe yetu ya ulezi, mirija ikiwa imetulia, mtu akisema "Mzee Owere, tupe ile ya askari," nilitoa. Kwanza walikuwa wawili. Wakawa sita. Mwisho ni lori zima, na mimi nimesimama mlangoni nimetanua mikono, nikiwaambia mtapita juu ya maiti yangu. Nimeisimulia mpaka nikaanza kusikia viatu vyao. Mama yako ukweli aliupata kwa Wandera mwaka wa pili wa ndoa. Hakunifokea. Mwezi mzima hakupika kunde, basi. Tangu siku hiyo, kila nikisimulia mbele yake, anahesabu askari.

Ningekufa nayo kama si wewe. Wewe na mikono yako isiyotulia. Ulichukua sanduku tupu kuwekea uzi, ukakwangua vumbi kwenye mfuniko, na ukaja mbio uwanjani unapiga kelele, "Baba! Kuna mtu humu!"

Nikainama kutazama. Mama yangu. Hudhurungi, hafifu, kama alivyoonekana kabla ya dawa. Anatazama upande wa pili, kwa sababu ile si picha yake, ni pumzi ya picha yake: platini ilikaa imeielekea ile karatasi ya bei rahisi miaka yote ile na kuiunguza taratibu, kila mahali penye uso kwa kiasi chake. Kaitano aliwahi kunieleza kwamba hutokea. Sikuamini. Moto wangu uliifuata picha, na picha ilikuwa imeshahamia mfunikoni. Na mstari umo.

Uliuliza, "Na mstari huu wa nini?"

Hapo ndipo nilipokuharibia. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Ni kisu cha askari. Alimkata usoni kabla ya kumchoma." Sijui nilikitoa wapi. Lori lilikuwa halina kisu mpaka siku hiyo. Ukatazama karibu, ukasema polepole, "Lakini baba, kisu kingekata picha. Kingeachaje mstari huku?" Nikakupigia kelele. "Wewe ulikuwepo? Wewe unajua kuliko mimi?" Ukaandika kama nilivyosema, ukawatumia wale walimu, na wakakujibu kwamba ile habari ya kisu ndiyo iliyowagusa kuliko za wengine wote. Leo asubuhi mama yako alikuja na barua hiyo mkononi akaniambia, "Sasa umeingiza mtoto kwenye lori lako." Nikamwambia akwambie yeye. Akasema, "Mimi si mdomo wako. Lakini usipoandika, kesho nitasema mimi, hapo kwenye basi, mbele ya abiria."

Ndiyo maana naandika. Kusema siwezi. Nikifungua mdomo, majivuno yanatangulia kutoka kabla ukweli haujavaa viatu.

Sasa elewa hatari ilivyo. Utafungua kitenge, utaweka mfuniko mezani, na watakuja watu ambao maisha yao yote wamemimina dawa hiyo. Hawahitaji kuuliza. Mtu yeyote aliyemimina hata mara moja ataujua mstari ule kwa kutupia jicho. Watasema, hapa mchapaji alisita. Na wewe utakuwa umesimama hapo na kisu changu mkononi, mtoto wa Owere, mwongo siku ya kwanza. Sitaki. Mimi nimeishi na jina langu na limenibeba jinsi lilivyo. Lako bado jipya.

Ufanye nini, sijui. Kwa mara ya kwanza naandika neno hilo, litazame vizuri, hutaliona tena. Labda uwaandikie kabla hujafika. Labda uwaambie ukiwa umesimama mbele yao. Labda watakasirika wakurudishe. Wakikurudisha, rudi. Shuka kwenye basi uingie ndani, sitakuuliza kitu, na mtu akikucheka mjini atanikuta mimi, na bado nina nguvu za kumtukana mtu kutoka hapa mpaka Malaba.

Na kama hawatakurudisha, jifunze kumimina. Ila sitakuambia kama Kaitano alivyoniambia mimi, kwamba hata nyumba ikiungua usisite. Miaka hii yote niliona aibu kwamba nilisita. Leo nimekaa na kuku nikifikiri, na naona kusita hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuchoma. Mtu anaitwa na mama yake, anageuka. Kuna ubaya gani? Niliuona kila siku mstari ule unanidharau, na haukuwa unanidharau hata kidogo.

Jambo moja zaidi, si amri. Zile karatasi za kutenganisha nilizofungia picha za wateja, yale madoa ya hudhurungi niliyoyaita unyevu, sasa unajua yalikuwa nani. Zimetawanyika arobaini kati ya Busia na Tororo, kwenye masanduku ya watu, kwenye Biblia, nyuma ya fremu. Mpaka wewe urudi, mimi nitazunguka. Nimeanza kwa kumtafuta mama wa Bulumbi. Yu hai, ni mkongwe kuliko mimi. Jumatano nitakwenda, bila askari hata mmoja, nimwambie kilichotokea kwa namba kumi na tisa. Viazi sitegemei.

Usiniamini mimi. Uliza. Basi lako litapita mbele ya duka la Wandera upande wa Kenya. Atakuwa amekaa kwenye benchi yake asubuhi, mnyoshee mkono dirishani, muulize kama mimi ni fundi wa kuchoma au siye. Mama yako atakusindikiza mpaka stendi, muulize ladha ya jivu. Apio amekwishakulisha leo, lakini kunde zile za siku ile bado anazikumbuka, alizilaumu mpaka kwenye arusi yake.

Shahidi mwingine umembeba kwenye kitenge. Mimi sauti ya mama yangu nimeisahau, Athieno. Uso ninao, mwendo wake ninao, sauti ilishapotea, na hakuna mashine iliyoichukua. Lakini weka kidole kwenye mfuniko, juu ya nyusi, pale palipo na mstari. Hapo ndipo aliponiita, na hapo ndipo nilipoitika.

Baba yako,
Owere